Bega la Fundi na Bega la Mwalimu

Fundi Dari aliondoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi, akamwambia mke wake kwamba anakwenda dukani kununua msasa. Msasa alikuwa nao tele, umejaa kwenye mfuko nyuma ya mlango wa stoo. Alichokuwa anakifuata ni hospitali. Bega lake la kulia lilikuwa limeingia mwezi wa kumi na nne likimuuma, na miezi yote hiyo alikuwa akiwaambia watu kwamba ni uchovu tu, utapita.

Kitengo cha mazoezi ya viungo kilikuwa mwisho wa korido ndefu. Nje ya mlango palikuwa na benchi la mbao, na watu wamebanana juu yake kama vitabu kwenye rafu, kila mmoja ameshika bega lake. Pembeni kabisa palibaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Fundi Dari akajipenyeza.

"Samahani mama, naomba nikae hapo."

Mama aliyekuwa pembeni akageuka. Alikuwa mama mkwe wake.

Wakatazamana bila kupepesa. Mama mkwe huyo, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, alikuwa ameaga nusu saa kabla ya mkwewe, baada ya kumsikia kwenye chai akiutaja msasa. Alisema anakwenda kumjulia hali rafiki yake wa zamani.

"Shikamoo, Mama," Fundi Dari akasema.

"Marahaba, mwanangu. Siku hizi msasa wanauzia humu?"

"Sijui, Mama. Na yule rafiki yako, wamemlaza wodi gani?"

Mwalimu akajaribu kukaza uso, ule uso uliowanyamazisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na minne, lakini ukamshinda. Akaangua kicheko mpaka mkono uliolishika bega ukateleza, kisha akaguna "aah" na kulishika tena. Mkwewe naye akacheka, akaguna vilevile. Benchi zima likawageukia.

Wote wawili walikuwa na sababu zao za kuficha. Fundi Dari alikuwa amepaka rangi dari za watu kwa miaka ishirini na sita. Mafundi wengi hawazitaki dari. Shingo inakakamaa, rangi inakudondokea machoni, na kazi ikiisha hakuna anayeinua kichwa kuitazama. Yeye alizipenda hivyohivyo. Angeweza kupaka dari ya ukumbi mzima kwa rangi ya maji, ukatafuta alama ya kiungio, pale mpako mmoja wa rola unapokutana na mwingine, usiione. Ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Bega lilianza kumsumbua baada ya kazi ya ghala moja kubwa, siku kumi na moja mfululizo mkono uko juu. Kwanza lilikuwa linanguruma tu jioni. Baadaye akashindwa kulilalia. Kisha akawa anavaa shati kwa kuanza na mkono mbaya, kama anamvalisha mtu mwingine. Mwisho akahamishia rola mkono wa kushoto, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku moja alimaliza chumba, akaenda kunawa, aliporudi kuchukua ndoo akamkuta fundi mwenzake, ambaye wanamwita Mrefu, yuko juu ya ngazi anairudia dari ileile kimyakimya. Fundi Dari akarudi nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka mwenzake alipomaliza. Aibu ile ndiyo iliyompeleka kwenye benchi.

Mwalimu alikuwa na hadithi yake. Chaki na ubao vilikuwa vimemla bega taratibu, na alipostaafu na kuhamia chumba cha nyuma kwa binti yake, alitegemea pumziko litalitibu. Halikutibika. Kikombe cha rafu ya juu hakukifikia tena. Akawa anawatuma wajukuu, "Niletee kikombe, mtoto mwenye adabu humletea bibi yake kikombe," na watu wote nyumbani wakaamini anawafundisha adabu.

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa mmoja mmoja. Mtaalamu wa kitengo kile alikuwa mwanamke mfupi, ana miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mtaa. Wagonjwa walimpachika jina la Kamanda, naye alilijua na hakulichukia. Alimwinua Fundi Dari mkono pole pole kupitia pembeni. Ulipofika usawa wa bega, fundi akauma meno.

"Nyuzi tisini," Kamanda akasema, akisoma kipimo chake cha plastiki. "Hapo ndipo panapokataa?"

"Hapo naona nyota mchana."

Akamminya huku na huku, akamsukuma mkono, akamwambia asukume naye. Kisha akaketi.

"Sikiliza, Fundi. Kano zinazolishikilia bega lako hazijakatika. Zimechoka, na zimekasirika. Miaka ishirini na sita umezitumia, hukuwahi kuziandaa. Sioni haja ya kisu hapa. Dawa yako ni mazoezi."

"Mazoezi? Mimi mkono wangu uko juu tangu asubuhi mpaka jioni. Mazoezi gani zaidi ya hayo?"

"Hiyo ni kazi. Mazoezi ni kitu kingine, na nitakuonyesha."

Alipowaona wote wawili, na kugundua kwamba ni watu wa nyumba moja, aliwaita pamoja akawaeleza jambo. Kitengo chake kilikuwa kinafanya utafiti. Kwamba mazoezi yanasaidia bega sugu, hilo walilijua. Walichotaka kukijua ni yapi yanasaidia zaidi. Kwa hiyo walikuwa wanachukua watu arobaini na wanane na kuwagawa makundi mawili kwa wiki kumi na mbili. Kundi la kwanza lingenyanyua uzito, mara tatu kwa wiki, na kuuongeza kila wanapouzoea, hata kama bega litauma kidogo. Kundi la pili lingefanya mambo mepesi kila siku: kuning'iniza mkono na kuuyumbisha, kutambaza vidole ukutani kuelekea juu, kusukuma mkono mbovu kwa mpini wa ufagio, na kujifunza kulituliza kombe la bega mgongoni.

"Hamchagui," alisema. "Kila mtu anachukua bahasha. Na sharti ni moja. Ukipata la kwanza, fanya la kwanza tu. Ukipata la pili, la pili tu. Mkichanganya, sitajua kilichowasaidia ni nini."

Wakakubali, wakatia sahihi. Fundi Dari alitegemea vyuma, kwa kuwa ana mikono ya kazi. Akafungua bahasha: kundi la pili.

"Nitambae ukutani?" akauliza. "Kama mjusi? Ukuta mimi naupaka, Kamanda."

Mwalimu, mwenye miaka sitini na sita na miwani ya kamba shingoni, akafungua yake. Vyuma.

Habari ilipomfikia mke wa fundi, ambaye ni mshonaji, alizima cherehani kwanza ndipo akacheka. "Hebu nielewe," alisema. "Mnanidanganya wote wawili asubuhi moja, halafu mnarudi, mama yangu amekuwa mnyanyua vyuma na mume wangu ametumwa kuchezea ukuta?"

"Ni utafiti," mumewe akajitetea.

"Mimi nimeuona uongo tu. Utafiti sijauona bado."

Wakaanza. Mwalimu alipewa vyuma vidogo viwili na utepe mnene wa mpira, akaufunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni, ilikuwa marufuku kupita jikoni. Alijihesabia kwa sauti, "Moja! Mbili! Usilegeze! Tatu!" kana kwamba anamfokea mwanafunzi aliyeko ndani ya bega lake. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa chungu. Asubuhi alishuka kitandani anaguna, akamlaumu Kamanda, bahasha na nchi yote kwa jumla. Lakini hakuacha hata siku moja. Mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto hamsini kila wiki haachi kitu katikati.

Fundi Dari yeye aliona nafuu mapema. Wiki ya tatu alilala usiku kucha kwa upande wa kulia, akaamka akamwamsha mke wake kumpa taarifa. Mazoezi yenyewe, hata hivyo, yalimkera. Kusimama koridoni na kutambaza vidole kama anayetafuta swichi gizani kulimfanya ajione mtoto. Na kulikuwa na penseli: kila Jumapili alitakiwa kuweka alama mahali vidole vilipofika. Alama za penseli kwenye ukuta alioupaka mwenyewe! Kila alama ilimchoma kama msumari.

Wiki ya tano ndipo wivu ulipomwingia. Walikuwa mezani. Mwalimu akainuka, akalichukua jagi kubwa la maji kwa mkono ule mbovu, akalipitisha juu ya vichwa vya wajukuu, akammiminia mkwewe maji bila kutetemeka.

"Kunywa, baba," akasema kwa upole wa kuchokoza. "Wanaotambaa ukutani wanakauka koo."

Fundi akanywa, lakini maji hayakumshuka vizuri. Mkono wake ulikuwa unafika juu kuliko wa Mwalimu, hilo kweli, lakini ulifika mtupu. Rola iliyolowa rangi ni nzito. Atafanyaje kazi kwa mkono unaofika juu kisha hauna nguvu? Kesho yake aliingia stoo, akafunga mlango, akachukua kopo la rangi la lita moja. Akalinyanyua kama alivyomwona Mwalimu akinyanyua vyuma vyake. Mara nane, akapumzika. Mara nane tena. Wiki iliyofuata akaongeza maji ndani ya kopo kubwa zaidi, akalifunga kitambaa kwenye mpini lisimkate vidole. Kwenye daftari la Kamanda akaendelea kuandika ukuta, ukuta, ukuta.

Kisha siku moja Mwalimu alimwomba amtengenezee bawaba ya dirisha chumbani kwake. Fundi aliingia na bisibisi, na jicho la fundi rangi halikosi kusoma ukuta. Nyuma ya mlango, kwenye rangi ya maziwa aliyoipaka mwenyewe mwaka uliopita, kulikuwa na njia mbili za alama za vidole vyenye mafuta ya kujipaka. Zilianzia usawa wa kiuno, zikapanda taratibu mpaka juu kidogo ya kichwa cha Mwalimu.

Akalitengeneza dirisha. Angesema nini, na yeye mwenyewe ana kopo stoo?

Mwalimu akamwona alivyotulia. "Umeona," akasema.

"Nimeona nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Na mimi nimeona kopo lako lenye kitambaa. Nilikwenda kutafuta ndoo."

Bisibisi ikawa inazunguka mkononi mwa fundi bila kazi.

"Mkono wangu ulikuwa na nguvu," Mwalimu akasema, akikaa kitandani, "lakini ulikuwa mfupi. Nilitaka kufika rafu ya juu. Wewe ulikuwa unafika. Nikaona wivu, basi."

"Na mimi jagi lile, Mama. Jagi lile liliniua."

Walicheka kidogo, ila kicheko chenyewe hakikuwa na raha. Wakaendelea hivyohivyo kwa wiki zilizobaki, kila mmoja anafanya yake na ya mwenzake, na wakikutana koridoni wanapishana kama watu wasiojuana.

Wiki ya kumi na mbili wakarudi kwa Kamanda. Akampima fundi kwanza. Mkono ukapanda, ukapita tisini, ukapita mia na ishirini, ukasimama nyuzi mia na sitini na tano bila mtu kuuma meno. Akamshikisha kifaa cha kupimia nguvu, fundi akakisukuma kwa mkono uleule. Kamanda akakitazama kifaa, akamtazama fundi, akatabasamu tabasamu la mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Kundi la pili, na nguvu zote hizi! Hii ni habari njema sana." Akachukua kalamu.

Fundi Dari akainamia kucha zake. Ndipo Mwalimu, aliyekuwa anangoja zamu yake kwenye kiti cha pembeni, akasimama wima.

"Usiandike," akasema. "Naomba kalamu hiyo uiweke chini."

Kamanda akashangaa.

"Mimi niliwahi kufuta mtihani wa darasa zima kwa sababu watoto watatu walitazamiana. Darasa zima! Walilia, na sikurudi nyuma. Sasa nakwambia: mimi na mkwe wangu tumetazamiana. Yeye amenyanyua vyuma vyangu, mimi nimetambaa ukuta wake. Tangu wiki ya tano. Na tulitia sahihi."

"Nilianza mimi," fundi akasema haraka.

"Nani kakuuliza? Nilianza wiki moja kabla yako."

Kamanda aliwatazama. Mtu mzima mwenye mvi na fundi mwenye mabaka ya rangi kwenye kucha, wote wameinamisha vichwa kama wanangoja adhabu. Akaweka kalamu mezani. Mabega yake mwenyewe yakaanza kutikisika, kisha kicheko kikamtoka, kile cha sauti yake kubwa, mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Mmenivurugia watu wawili kati ya arobaini na wanane," akasema akijifuta macho. "Lakini Mwalimu, huu si mtihani. Sifuti mtu. Ukiniambia ukweli naandika ukweli. Hata safu yake ipo, ona hapa: 'amechanganya'. Na msijione, nyinyi si wa kwanza. Ambacho kingenitia hasira ni kulijua hili baadaye, au kutolijua kabisa, halafu niende kuwaambia watu wengine jambo ambalo si kweli."

Akaandika. Fundi Dari alihisi kitu kimemshuka mgongoni, kizito kuliko kopo lolote la rangi.

Miezi mitatu baadaye Kamanda aliwaita washiriki wote kwenye chumba cha mazoezi awape majibu. Fundi alikaa mbele, ameegemea magoti. Alitaka kumjua mshindi.

"Makundi yote mawili yalipata nafuu," Kamanda akasema. "Tofauti kati yao ni ndogo, siwezi kusimama hapa nikawaambia hili limelipita lile. Kuna wachache katika kila kundi ambao hawakupata nafuu, na hao tunaendelea nao. Kilichoonekana ni kwamba walioyafanya mazoezi bila kuruka siku walikuwa na hali nzuri kuliko waliofanya leo wakaacha kesho."

"Kwa hiyo hakuna aliyeshinda?" Fundi Dari akauliza. Alisikika kama mtu aliyetazama mechi dakika zote ikaisha sare.

"Hakuna, Fundi. Na kwangu hilo ni faida. Zamani mgonjwa akija nilikuwa nakisia. Sasa nitamuuliza: wewe unapenda kuongeza uzito, au unapenda pole pole kila siku? Atakachokiweza ndicho tutakachofanya."

"Na wa safu ile ya kuchanganya?" Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini.

"Mlikuwa watano. Wote mko vizuri. Lakini watu watano ni wachache mno, Mwalimu, siwezi kusema kitu juu yenu."

Fundi Dari alirudi kwenye dari, ingawa si kwa namna ya zamani. Kwanza alimtafuta Mrefu, akamwambia jambo ambalo lingetakiwa kusemwa miezi mingi kabla: "Ile dari uliirudia, niliona. Asante." Mrefu akajikuna kisogo, akasema dari ipi, yeye hakumbuki. Kisha wakajenga jukwaa jipya la mbao, refu kuliko la zamani, ili rola ifanye kazi karibu na uso badala ya juu kabisa ya kichwa. Wakakubaliana kubadilishana kila nusu saa, mmoja dari, mmoja kuta. Kazi yao ya kwanza ilikuwa stoo ya mwoka mikate. Walimaliza siku mbili, na fundi alipozima taa ya kukagulia hakuona kiungio hata kimoja. Bega lilinguruma kidogo jioni ile. Akalifanyisha mazoezi dakika kumi, likanyamaza.

Mwalimu naye alipata ajira ambayo hakuiomba. Kamanda alimwomba aje kila Jumanne asimamie kundi la wagonjwa wapya, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukosa bila taarifa. Aliyekosa alipigiwa simu. Aliyedanganya kwamba amefanya nyumbani aliambiwa ainue mkono hapohapo, mbele za watu, na mkono haujui kusema uongo.

Nyumbani ubishi haukuisha. Mwalimu, aliyepewa vyuma, anaapa kwamba kilichomponya ni ukuta. Fundi Dari, aliyepewa ukuta, anaapa ni vyuma. Jumapili moja walibishana mezani mpaka chai ikapoa, kila mmoja ameinua mkono juu kabisa kuonyesha ushahidi, na mke wa fundi akaona hapo ndipo pa kumaliza.

"Maadamu mikono yote miwili iko juu," akasema, akichukua kiti na kukisogeza chini ya dirisha, "nishushieni mapazia haya niyafue."

Wakamshushia.